Sensa inasema tanki limejaa, kumbe tupu. Wakuu, tatizo liko wapi?

#1 Mkazi wa Goba
Habari za usiku wakuu. Naombeni msaada, wiki ya tatu hii nimekwama.

Nyumbani Goba, Dar es Salaam, nina tanki la chini la zege na simtanki la lita 5,000 juu ya mnara wa matofali. Maji ya bomba yakija yanaingia la chini, halafu pampu ya hospawa moja inayapandisha juu. Miaka yote kazi ya kuwasha pampu ilikuwa ya mtu: unapanda ngazi, unagonga tanki kwa kiganja, unasikiliza. Nikaamua kutengeneza kitu kinachojiendesha.

Nimefunga sensa ya ultrasoniki (inapima umbali kwa mwangwi wa sauti isiyosikika) isiyoingiza maji, JSN-SR04T, kwenye mfuniko, inatazama chini. Bodi ni ESP32, kompyuta ndogo inayoendesha programu, iko stoo karibu na swichi ya pampu. Kutoka stoo hadi mfuniko ni kama mita 14, nimetumia waya wa LAN. Rilei (swichi ndogo inayoamriwa na bodi) inavuta kontakta (swichi kubwa ya umeme), kontakta inaendesha pampu. Kutoka kwenye sensa hadi sakafu ya tanki ni sm 186. Maji yakishuka yakawa sm 150 kutoka kwenye sensa, pampu inawaka. Yakipanda hadi sm 35, inazima.

Mchana kazi safi. Nimelinganisha na mti nilioutia alama, tofauti ni sm 2 au 3. Usiku ndiyo shida. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja alfajiri sensa inasema tanki limejaa. Napanda na tochi, maji hayafiki robo. Juzi mama mkwe kaamka kuchukua udhu, anafungua bomba linatoa upepo. Nimebadilisha sensa, ya pili inafanya vilevile.

Kuna nini usiku?

#2 Kapuku Msomi
Nimeweka kambi hapa. Na mimi nataka kufunga kama hiyo Kimara, ngoja nijue kwanza.

#3 Mwana Kigamboni
Ni jasho la tanki mkuu. Usiku hewa ya nje inapoa na mfuniko unapoa nayo, lakini maji yameshika joto la mchana. Mvuke unapanda unagota kwenye plastiki baridi. Mimi nilifungua langu saa kumi alfajiri nikakuta matone kama chini ya kifuniko cha sufuria ya wali. Tone likikaa kwenye uso wa sensa, sauti haitoki vizuri na mwangwi haupokelewi vizuri. Saa mbili jua likipiga, linakauka, unaona kila kitu kiko sawa.

Iinamishe kidogo ili matone yateleze.

#4 Volti Tano
Umesahau kitu kikubwa. Sensa hiyo ukiilisha volti 5, pini yake ya mwangwi inatoa volti 5. Pini za ESP32 ni za volti 3.3. Utakuwa umeshaiumiza bodi, ndiyo maana inaleta mambo ya ajabu. Weka rezista (vipinga umeme) mbili, kilo-omu 1 na kilo-omu 2, ugawe volti. Unapata 3.3 na ushee, inatosha.

Na umeme wa usiku unapanda kwa sababu watu wamelala, hilo nalo liangalie.

#5 Mzee Maltimita
Salaam. Kabla hamjamwandikia dawa, mgonjwa apimwe. Mkazi wa Goba, nijibu haya manne.

Sensa yako ina vitu viwili: kichwa chenye waya wake wa mita 2.5 hivi, na kibodi, yaani bodi ndogo ya saketi, chenye pini nne. Kibodi umekiweka wapi, juu kwenye tanki au stoo?

Unailisha kwa nini, chaja ya simu au nini?

Rezista za kugawa volti umeweka?

Na programu yako inafanya nini mwangwi usiporudi kabisa? Bandika mstari wenyewe.

Volti Tano, hilo la umeme kupanda usiku liondoe. Chaja nzuri ya simu imeandikwa volti 100 hadi 240, na upande wa pili inatoa 5 ile ile.

#6 Fundi Bomba
Nyie wasomi mnajitesa. Weka floti (swichi za boya) mbili, moja juu moja chini, basi. Nimefunga floti Tabata mwaka 2011 na mpaka leo inazima pampu. Haijui usiku wala mchana.

#7 Mkazi wa Goba
Shukrani wote.

Mzee, kibodi kiko stoo pamoja na ESP32. Nilikata waya wa kichwa nikaunga LAN katikati ili ufike juu. Chaja ni ya simu, volti 5 ampea 2. Rezista nimeweka tangu siku ya kwanza, 1k na 2k, nimepima pini ikapata 3.3.

Mstari ni huu:

muda = pulseIn(ECHO, HIGH, 30000);
umbali = muda / 58;
if (umbali < 35) pampu(ZIMA);

#8 Mzee Maltimita
Umeunga waya wa kichwa. Hapo ndipo nilipokuwa nasubiri ufike.

Kwenye waya ule kuna umeme wa volti nyingi wakati wa kupiga sauti, halafu dakika hiyo hiyo kuna mwangwi unaorudi ukiwa mdogo sana, hata kabla haujakuzwa. Kikuzaji kiko kwenye kibodi. Wewe umeupitisha mwangwi mchanga mita 14 za waya, kando ya waya wa pampu, ndipo ukaufikisha kwa anayeusikiliza. Geuza. Kibodi kipande juu, kwenye boksi lisiloingiza maji pembeni ya mfuniko, na waya wa kichwa ubaki kama ulivyotoka dukani. Mita 14 ziwe upande wa pini nne. Kule ishara ni ya ndiyo au hapana ya volti 5, inavumilia safari.

Ukisokota, waya wa kuamrisha uende na graundi (waya hasi) yake na waya wa mwangwi uende na graundi yake. Usiwaweke hao wawili jozi moja. Na juu kabisa, karibu na kibodi, weka kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya 5 na graundi.

#9 DadaSaketi
Mzee yuko sahihi kuhusu waya, ila jamani someni hiyo mistari mitatu. Jibu la "kwa nini inasema limejaa" limekaa pale.

pulseIn, amri inayopima urefu wa mpigo wa mwangwi, ikisubiri mikrosekunde 30,000 bila kupata mpigo kamili, inarudisha 0. Sifuri gawanya kwa 58 ni sifuri. Sifuri ni ndogo kuliko 35. Kwa hiyo programu inasema maji yamegusa sensa, zima pampu. Sensa haijasema tanki limejaa. Sensa imenyamaza, na programu imeutafsiri ukimya kuwa maji tele.

Kaka, sm 186 mwangwi unatumia kama milisekunde 11 kwenda na kurudi. Umempa 30, muda upo. Hausikiki, ndiyo tofauti. Ukipata 0, usiigeuze kuwa umbali. Iandike kama kosa, -1 au chochote kisichoweza kuwa kipimo, halafu soma tena. Soma mara tano, panga, chukua ya katikati. Makosa yakifululiza mara ishirini, lia kengele, usifanye uamuzi wowote juu ya pampu.

Nimefundisha vijana mafunzo ya vitendo, na kosa hili naliona kila muhula. Mtu anabadilisha sensa tatu, mstari ni mmoja.

#10 Kapuku Msomi
DadaSaketi hapo umenifungua. Lakini HC-SR04 ya kawaida, ile ya macho mawili, mbona nilisoma kwamba isipoona kitu inatoa mpigo mrefu wa milisekunde 38? Hapo si ingesoma umbali mkubwa, siyo sifuri?

#11 DadaSaketi
Swali zuri. Ndiyo, datashiti (karatasi ya maelezo) ya HC-SR04 inasema 38. Lakini Mkazi wa Goba kaweka kikomo cha milisekunde 30. Mpigo wa 38 haujaisha ndani ya 30, kwa hiyo pulseIn inarudisha 0 vilevile. Angeweka kikomo 40 angepata kama sm 655, na pampu ingewaka tanki likiwa tupu au limejaa. Uongo ungekuwa wa upande wa pili tu, na huo ungemwaga maji mtaani usiku kucha.

#12 Mwana Kigamboni
Sawa, sifuri imeelezwa. Lakini bado hamjajibu kwa nini inanyamaza usiku na si mchana. Waya ni ule ule, programu ni ile ile. Kinachobadilika ni hewa. Narudi kwenye jasho.

#13 Kisima Kirefu
Mwana Kigamboni jasho nakubali, lakini ushauri wako wa kuinamisha ni hatari. Maji yaliyotulia ni kioo. Sauti ikipiga kioo kwa pembe, inarudi upande mwingine. Ukuta wa zege una mikwaruzo, unatawanya sauti, kidogo kinarudi popote ulipo. Maji hayafanyi hivyo. Sensa ikiwa imelala nyuzi chache tu, tanki likiwa limejaa bado inasikia kwa sababu ni karibu. Maji yakishuka mita moja na nusu mwangwi unapita pembeni.

Mkazi wa Goba, chukua pimamaji ya fundi uashi, weka juu ya mfuniko pale sensa ilipo. Nina wasiwasi mfuniko wako umebonyea.

Mchana pampu ikiingiza maji, uso unacheza cheza, mwangwi unatawanyika na mwingine unarudi. Usiku maji yametulia tuli. Hiyo ndiyo tofauti yangu ya usiku na mchana.

#14 Volti Tano
Hii ya kioo sikuwahi kuifikiria. Nimejifunza.

#15 Mitambo Barabara ya Nyerere
Habari zenu. Mimi ni fundi wa vipimo kiwandani. Naomba niseme jinsi tunavyofanya sisi, kwa sababu tatizo la DadaSaketi la ukimya kusomwa kama namba lilishatatuliwa viwandani zamani sana.

Vipima kina vyetu vinatoa mkondo wa milimpea 4 hadi 20. Tanki tupu ni 4. Tanki limejaa ni 20. Watu wanauliza kwa nini isianze 0, ingekuwa rahisi kuhesabu. Haianzi 0 ili sifuri ibaki na maana yake: waya umekatika. Panya akila waya, unaona 0, unajua hiyo si tanki tupu, hiyo ni panya. Vifaa vingi vikijitambua vina hitilafu vinashuka chini ya 3.6 au vinapanda juu ya 21 kwa makusudi, ili chumba cha udhibiti kijue.

Faida ya pili, mkondo haupungui njiani. Waya uwe mita 10 au 300, milimpea 12 zikiingia huku zinatoka 12 kule, mradi umeme wa kulisha unatosha, kwa kawaida volti 24. Mwisho wa waya unaweka rezista ya omu 150. Milimpea 4 zinakuwa volti 0.6, 20 zinakuwa volti 3.0. ESP32 inasoma bila kuumia.

Kwa tanki, chukua kile cha kuzamisha, kinakaa sakafuni kinapima mgandamizo. Mita moja ya maji ni kilopaskali 9.8, kwa hiyo sm 186 ni kama 18. Jasho, kioo, mfuniko uliobonyea, hakijali. Ila ukinunua cha mita 5 ukakiweka kwenye tanki lisilofika mita 2, zaidi ya nusu ya kipimo umeitupa. Na ndani ya waya wake kuna kamrija kembamba ka kupumua hewa ya nje. Kakizibwa kwa gundi, kitakudanganya kila hali ya hewa ikibadilika.

#16 Fundi Bomba
Na bei yake je? Sema bei mkuu, usiishie hapo.

#17 Mitambo Barabara ya Nyerere
Ni ghali, sikatai. Utanunua JSN kadhaa kwa bei ya kimoja.

#18 Fundi Bomba
Na floti je, utanunua ngapi?

#19 Binti Mikocheni
Fundi Bomba floti yako ni nzuri ikiwa maji ni matamu. Sisi tunatumia kisima na maji yana chumvi. Floti ilishika ukoko kwenye bawaba ikagoma kushuka, pampu haikuwaka siku mbili. Tulipoitoa ilikuwa nyeupe kama jiwe.

Kabla ya hapo fundi mmoja alituwekea vijiti viwili vya chuma ndani ya maji na betri, maji yakigusa vyote mkondo unapita. Vilidumu miezi miwili, kimoja kikaliwa kikabaki kama msumari.

#20 Mzee Maltimita
Binti Mikocheni, vijiti vililiwa kwa sababu umeme wa betri unakwenda upande mmoja wakati wote. Ndani ya maji ya chumvi hiyo ni elektrolisisi, kijiti cha upande wa chanya kinayeyuka. Ukitaka vijiti, chukua chuma cha pua, washa umeme wakati wa kusoma tu, nukta chache, na kila usomaji geuza chanya na hasi. Ndivyo ilivyo pia kwa zile sensa za udongo zenye miguu miwili ya shaba. Mkulima anaichomeka shambani, baada ya majuma machache mguu mmoja umetoweka. Bora zile za kapasita, hazigusani na udongo moja kwa moja.

#21 Kuku wa Chanika
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Nina banda la vifaranga Chanika, nimeweka DHT11 kupima joto. Inasoma 34, kipimajoto cha kioo kinasema 32. Kipi kinasema kweli?

#22 DadaSaketi
Vyote viwili vinaweza kuwa ndani ya ahadi yao. DHT11 inakubali kukosea nyuzi 2 juu au chini. Kwa kifaranga wa siku tatu nyuzi 2 ni nyingi. Chukua DHT22, inakosea kama nusu nyuzi, ila usiisome zaidi ya mara moja kwa sekunde 2. Au DS18B20 kama huhitaji unyevu, nayo ni nusu nyuzi.

Ukinunua BME280, inayopima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, soma kwanza namba ya utambulisho ya chipu. Halisi inajibu 0x60. Ikijibu 0x58 umeuziwa BMP280, ambayo haipimi unyevu kabisa. Imenitokea Kariakoo, nilirudi dukani na muuzaji akanibadilishia baada ya kumwonyesha kwenye simu.

#23 Kapuku Msomi
DS18B20 ninayo. Nimeiweka kwenye maji ya tanki, inasema nyuzi 85. Wapangaji wangu wanaoga maji ya chai?

#24 Volti Tano
Hahaha chukua majani na sukari, mgahawa huo.

#25 DadaSaketi
85 ni namba iliyomo ndani yake inapopata umeme, kabla haijapima chochote. Ikiwa na biti 12 inahitaji milisekunde 750 kumaliza kipimo. Ama umeisoma mapema, ama umeme wake unakatika katikati ikaanza upya. Angalia kama umeweka rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya data na chanya. Na ukiona -127, waya umeachia, hiyo ni laibrari inakuambia haioni sensa.

Mnaona lakini? Ni kitu kile kile cha tanki la Goba. -127 inaeleweka kwa sababu hakuna maji ya nyuzi -127. 85 inasumbua kwa sababu mahali pengine ni joto la kweli. Mtu ana boila, inasoma 85, atajuaje?

#26 Kapuku Msomi
Rezista sikuweka. Naenda kuweka. Asante dada.

#27 Mkazi wa Goba
Wakuu nimerudi. Samahani kwa kimya cha siku nne, nilikuwa juu ya mnara.

Nimefanya haya. Kibodi kimepanda juu ndani ya boksi, waya wa kichwa umerudi mita 2.5 zake. Kapasita nimeweka. Programu imebadilika kama alivyosema DadaSaketi, sifuri inaandikwa KOSA, na ninasoma mara tano nachukua ya katikati. Pimamaji nimeweka: Kisima Kirefu hukukosea, mfuniko ulikuwa umelalia upande wa bomba, nimeunyanyua kwa kipande cha raba.

Matokeo. Usiku wa kwanza pampu iliwaka saa tisa na robo kama inavyotakiwa. Nilikaa kitandani nikaisikia, nikafurahi sana. Mama mkwe asubuhi kapata maji.

Lakini nimehifadhi kila usomaji, na kuna jambo. Mchana KOSA ni moja moja, labda tatu kwa saa. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja ni kumi na zaidi kwa saa. Halafu kuna namba nyingine ambayo siielewi: mara kadhaa kila usiku inasoma sm 24, siyo 23 wala 25, ni 24 kila mara, wakati maji yako 120. Mchana hiyo 24 haipo hata mara moja.

Kwa hiyo sasa pampu inafanya kazi lakini bado kuna kitu usiku.

#28 Mwana Kigamboni
JASHO. 24 ni tone linaloning'inia.

#29 Kisima Kirefu
Tone liko kwenye uso wa sensa, lisingekuwa sm 24. Pima shingo ya tanki. Kutoka sensa mpaka pale shingo inapoishia na bega la tanki kuanza ni sm ngapi? Sauti haitoki kama mshale, inatanuka kama mwanga wa tochi. Ukingo wa shingo unairudisha.

#30 Mkazi wa Goba
Nimepima. Ni sm 21 au 22 hivi, ukingo si wa nyoofu.

#31 Mzee Maltimita
Msiharakishe. JSN ina eneo la upofu, sm 20 hadi 25 za mwanzo kutegemea toleo. Kichwa ni kimoja, ndicho kinachopiga na ndicho kinachosikiliza. Kikishapiga, kinaendelea kutetemeka kama kengele, na mpaka kitulie hakiwezi kusikia kitu. Kikitetemeka kupita kiasi, kibodi kinasikia mtetemo wake chenyewe na kudhani ni mwangwi, na umbali unaopatikana ni ule wa mwisho wa upofu. Namba moja ile ile kila mara ni dalili ya hilo. Ukingo wa shingo ungekuwepo mchana pia.

#32 Kisima Kirefu
Na kwa nini kitetemeke zaidi usiku mzee?

#33 Mwana Kigamboni
Kwa sababu kina tone juu yake. Tunazunguka tunarudi nyumbani.

#34 Mitambo Barabara ya Nyerere
Au kwa sababu saa hizo pampu ya jirani inawaka na kuchafua umeme. Mkazi wa Goba, siku za maji mtaani kwenu watu wote wanapampu alfajiri? Angalia kama hizo 24 zinakuja siku za maji tu.

#35 Volti Tano
Na joto je? Programu inagawa kwa 58, namba inayotokana na kasi ya sauti hewani kwenye kama nyuzi 23. Hewa ikiwa nyuzi 33 sauti inakimbia mita 351 kwa sekunde, sm 150 itasomeka 147. Ndiyo zile sm 2 au 3 alizoziona mchana.

#36 DadaSaketi
Volti Tano umepiga hesabu sawasawa, hizo sm 3 umezielezea vizuri. Ila haiwezi kugeuza 120 kuwa 24.

#37 Volti Tano
Najua, nimetaka tu ile tofauti ya mchana nayo ipate mwenyewe.

#38 Binti Mikocheni
Mimi ningeangalia mjusi. Kwetu walikuwa wanaingia kwenye boksi la juu kufuata joto la bodi. Mmoja alikauka juu ya pini.

#39 Mwana Kigamboni
Hilo la boksi ni kweli, na huku pwani upepo wa chumvi unakula pini ndani ya miezi. Ukishamaliza kulehemu, paka bodi rangi ya kucha ile isiyo na rangi, mara mbili. Usipake kichwa cha sensa.

#40 Mzee Maltimita
Mkazi wa Goba, jaribio moja tu, tuzitenganishe hizi nadharia. Leo usiku wekea sensa balbu ndogo ya volti 12, watti 5, iwe kandokando ya kichwa, ipate joto kidogo tu, umeme wa chini usio na madhara karibu na maji. Kichwa kikiwa na joto kuliko mfuniko, jasho halitakaa. 24 ikitoweka, Mwana Kigamboni ameshinda. Ikibaki, chomeka bomba la plastiki la inchi 4 chini ya sensa lipite shingo mpaka ndani, tuone hoja ya Kisima Kirefu.

#41 Kisima Kirefu
Bomba la inchi 4 lenye maungio ndani litaleta mwangwi wake mwenyewe. Liwe refu moja lisilo na kiungo, na ncha ikatwe safi.

#42 Fundi Bomba
Wakati mnasubiri balbu, floti moja ya usalama pale juu kabisa iwekeni, ikate kontakta moja kwa moja bila kupitia programu. Hiyo siwaombi kubishana.

#43 DadaSaketi
Hapo niko na Fundi Bomba asilimia mia. Na moja tanki la chini, pampu isije ikazunguka kavu.

#44 Mkazi wa Goba
Floti mbili nimenunua leo jioni. Balbu nimeifunga saa mbili usiku, maji yako sm 97. Mtaani leo siyo siku ya maji, kwa hiyo na hoja ya pampu ya jirani tutaiona. Saa kumi na moja nabandika namba hapa.

#45 Kuku wa Chanika
Nipo macho, vifaranga hawalali. Nasubiri.